Viwanja vya Copenhagen na ile nguzo ya aibu

Watu wengi wakifika Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, wanakimbilia ule uwanja wa wazi wa Rådhuspladsen, pale mbele ya jengo la halmashauri lililomalizwa 1905, na mi nasema wazi sijawahi kuupenda, ni mkubwa mno, upepo unakupiga kila upande, labda siku timu ya taifa imeshinda kama lile Kombe la Ulaya la mpira la 1992, watu wakafurika hadi ukakosa pa kukanyaga, hapo ndo unapendeza. Siku nyingine watu wanapita tu.

Nenda uwanja wa Gråbrødretorv. Hauko mbali na barabara ya maduka, Strøget, ila ukiingia pale kelele zinapungua, nyumba zimepakwa rangi rangi, nyingi zilijengwa baada ya moto mkubwa wa 1728, katikati kuna mti mmoja mkubwa na meza za mikahawa zimeuzunguka. Jina maana yake uwanja wa ndugu wa kijivu, limetokana na watawa Wafransisko waliokuwa na nyumba yao hapo tangu karne ya 13. Sasa skia hii: baadaye palikuwa na jumba la Corfitz Ulfeldt, mkwe wa mfalme Christian IV, jamaa mwenye hela na madaraka, halafu akaenda kujiunga na Waswidi, maadui wakubwa kabisa wa Denmark enzi hizo. Wakamhukumu kifo 1663 ila yeye mwenyewe alishatoroka, basi hasira zote zikaishia kwenye nyumba, ikabomolewa yote, na 1664 wakasimamisha nguzo ya jiwe imeandikwa kwamba ni ya kumdhihaki na kumwaibisha msaliti Ulfeldt milele. Mkewe Leonora Christina ndo akaozea jela karibu miaka 22, maana yeye walimpata. Nguzo ikakaa pale mpaka 1842, sa hivi iko makumbusho ya taifa.

Yaani uwanja mzima ulikuwa wa kumsimanga mtu mmoja! Halafu karne ya 20 ukageuzwa maegesho ya magari, ambayo kwangu ni aibu nyingine kabisa, hadi magari yalipoondolewa 1968. Strøget wenyewe ulifungwa kwa magari 1962 na watu walilalamika sana, eti sisi ni Wadenmark siyo Waitaliano, nani atakaa nje na baridi hii. Kumbe wanakaa, tena na mablanketi miguuni.

Ukiwa na muda pita na uwanja wa Kongens Nytorv uone sanamu ya mfalme Christian V juu ya farasi. Ile sanamu ya 1688 ilitengenezwa kwa risasi, madini laini yale, ikawa inalegea kwa uzito wake yenyewe mpaka 1946 wakaweka nakala ya shaba. Mfalme mzima analegea mbele ya raia wake, na hakuna aliyehitaji kumjengea nguzo.