Unarudi nyumbani na vyombo vya umeme? Soma kibandiko kwanza

Anayerudi kutoka Marekani au Canada anaacha umeme wa volti 120 na hezi 60 (Hz, mizunguko ya umeme kwa sekunde). Aliyekuwa Japani anaacha volti 100. Kama nyumbani ni volti 230 au 240 na hezi 50, kigeuze kila chombo usome kibandiko kabla hakijaingia kwenye kontena.

Palipoandikwa "INPUT 100-240V 50/60Hz" una plagi tu ya kushughulikia. Chaja za simu na laptopu karibu zote ziko hivyo. Waya wa laptopu huchomoka kwenye chaja, kwa hiyo nunua waya wenye plagi ya nyumbani na uachane na adapta. Kompyuta ya mezani ya zamani huwa na swichi ya 115/230 nyuma: isogeze kwenye 230 kwanza, maana ikibaki 115 utasikia mlipuko ndani.

Kibandiko kikitaja 120V peke yake, adapta haikusaidii; inabadilisha umbo la meno, umeme unapita vilevile. Kwenye vyombo vya joto, volti zikiwa mara mbili wati huwa mara nne. Birika la wati 1,500 litataka kuvuta 6,000, na kitakachokatika kwanza ni fyuzi ukiwa na bahati. Pasi, tosta, kikaushia nywele: gawa hukohuko. Transfoma ya kuvimudu ni zigo zito, na birika jipya lina nafuu.

Blenda au cherehani unayoipenda inastahili transfoma ya kushusha volti. Kibandiko kikitoa ampea tu, zidisha kwa 120 upate wati. Kisha chukua transfoma ya mara mbili hadi tatu ya wati hizo, kwa sababu mota huvuta umeme mwingi inapoanza: blenda ya 400 ipewe 1,000. Friji huhitaji zaidi ya hapo, na mimi singeibeba. Transfoma haibadilishi hezi. Mota nyingi za hezi 60 zikipewa 50 huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na kupata joto kupita kiasi. Saa inayohesabu hezi za umeme wa ukutani huchelewa dakika 10 kila saa. Maikrowevu yenye transfoma nzito ndani hunguruma na kuchemka hata ikipewa volti sahihi.

Mtego mbaya kuliko yote ni ekstensheni yenye kinga ya umeme kupanda. Watu huibeba wakisema vifaa vyao vyote ni vya 100-240. Kinga yenyewe imepangwa kwa 120. Ikikutana na 240 hupata moto na inaweza kuwaka, hata bila kifaa chochote kuchomekwa.

Ukifunga plagi ya meno matatu bapa kwenye waya wa Marekani wa chombo cha 100-240, fuata herufi zilizo ndani ya plagi: mweusi uende L, kwenye fyuzi, mweupe N, kijani E. Fyuzi ya ampea 3 inatosha hadi wati 700 hivi. Zaidi ya hapo weka 13.

Chombo cha 120 pekee kibakizie plagi yake ya asili. Ukiibadilisha, siku moja mgeni au mtoto atakichomeka moja kwa moja ukutani.