Gari la Siku Mbili

Mkataba wa kukodi gari ulikuwa na kurasa nne, na kijana wa kaunta alikuwa ameshaweka alama ya X pale pa kutia saini. Feri ilikuwa imetushusha robo saa iliyopita. Gari limebaki moja tu, alisema, na feri ya saa nane inakuja na wateja wengine. Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wawili, na mama yangu ambaye goti lake la kulia lilikuwa limeshagombana na ngazi za feri. Mbele yetu siku saba, Alhamisi hadi Alhamisi, kwenye kisiwa cha urefu wa kilomita 17 chenye barabara moja ya lami inayokizunguka, kilomita 41 mpaka urudi ulikoanzia.

"Tunalichukua?" nikamuuliza mke wangu.

"Tuhesabu kwanza. Mwombe huo mkataba tukausome kivulini."

Kijana hakufurahi, lakini alitupa. Mkataba huombwa kabla kadi haijatoka mfukoni. Ikishatoka, kila mtu pale kaunta ana haraka.

Nyuma ya bahasha ya tiketi mke wangu alichora safu tatu: tunakokwenda, kilomita, na saa ya kurudi. Safu ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo iliyoamua mambo. Umbali kwenye kisiwa kidogo haumtishi mtu. Kinachomkwamisha ni kukosa usafiri wa kurudi. Basi lilizunguka mara nne kwa siku, la mwisho likiondoka kaskazini saa kumi na moja jioni. Jumapili lilipita mara mbili tu, asubuhi na mchana. Nyumba tuliyopanga ilikuwa mita 300 kutoka ufukweni na kilomita 2 kutoka bandarini, duka likiwa njiani. Kwa hiyo mambo ya kila siku yalikuwa ya miguu, na mengi ya yaliyobaki yalikuwa ya basi.

Palibaki sehemu tatu. Mnara wa taa wa kaskazini, kilomita 13, kwa sababu tulitaka kuliona jua likizama na basi linakuwa limeshaondoka. Kijiji cha mlimani, ambako basi linakushusha njia panda na kukuachia kilomita mbili za kupanda. Kwa goti la mama hilo halikuhitaji mjadala. Na ufukwe wa mashariki, ulio mwisho wa njia ya kokoto ya kilomita tatu.

Tulipojumlisha kila kitu kwa wiki nzima, hata kwa kujidanganya kidogo, tulipata kilomita 118. Kwa mwendo wa 40 kwa saa, ambao kwenye barabara ile ndio mwendo halisi, hizo ni saa tatu. Yaani tulipie saa 168, gari litembee tatu. Bei ya kukodi wiki, pamoja na punguzo, ilitosha safari 22 za teksi kwenda mnara wa taa. Sisi tulihitaji sita.

Vipo visiwa vinavyokuondolea swali hili kabisa. Hydra kule Ugiriki na Sark kule Mfereji wa Uingereza havina magari ya watu binafsi. Mackinac, Marekani, walipiga marufuku magari tangu 1898, na farasi bado wana kazi. Bermuda mgeni hakodi gari la kawaida, anapewa kigari kidogo cha umeme. Kwetu gari lilikuwepo, kwa hiyo ilibidi tusome.

Ukurasa wa pili ndio uliotuchelewesha pale benchini. Bima iliyokuwa ndani ya bei ilifunika gari, ila sehemu ya kwanza ya hasara ingebebwa na mteja, na sehemu hiyo ililingana na kukodi gari hilo siku 14. Fedha hizo huzuiwa kwenye kadi mapema, kama amana. Kadi iwe ya mkopo, na jina lililo juu yake liwe la dereva aliyetajwa kwenye mkataba. Kadi ya kawaida ya benki hawaipokei. Ukitaka sehemu hiyo ya hasara ifutwe unanunua bima ya ziada, nusu ya bei ya siku kwa kila siku. Halafu, kwa herufi ndogo: matairi, rimu, vioo, sehemu ya chini ya gari na ufunguo havimo katika bima yoyote. Kwenye visiwa vyenye barabara nyembamba na mawe ya kando, hivyo ndivyo vitu vinavyoharibika.

Kifungu kilichofuata kilikataza barabara zisizo na lami. Ufukwe wa mashariki, ambao kusema kweli ndio uliotufanya tufikirie gari, ulikuwa mwisho wa kokoto. Tungekwenda huko, bima yote ingekufa pale lami inapoishia. Mke wangu aliupigia mstari kwenye bahasha na kuandika pembeni: teksi. (Tulikwenda Ijumaa na teksi ya magurudumu makubwa, tukakubaliana saa ya kurudi kabla ya kushuka.)

La mafuta lilikuwa la ujanja zaidi. Walitaka tulipie tangi zima, lita 45, na turudishe gari likiwa tupu. Barani mtu anaweza kuzimaliza. Kisiwani, kwa gari linalokula lita 7 kwa kilomita 100, kuzunguka barabara yote mara moja hakufiki lita tatu. Ungezunguka karibu mara 16 ndipo uione haki yako. Mfumo unaomfaa mteja wa kisiwani ni kulichukua limejaa na kulirudisha limejaa, na mara nyingi ukiuomba unapewa, mradi uombe kabla ya saini.

Jambo la mwisho ni saa. Siku ya kukodi ni saa 24 tangu ulipochukua ufunguo, na ukichelewa kupita muda wa hisani, hapo ulikuwa dakika 59, unalipa siku nyingine nzima. Anayechukua saa mbili asubuhi na kurudisha jioni ya siku ya pili amelipa siku mbili akapata michana miwili. Anayechukua saa nane mchana anapata mchana, siku nzima, kisha asubuhi na sehemu ya mchana, kwa bei ileile. Tukachagua Jumamosi saa nane hadi Jumatatu saa nane. Jumapili, siku ambayo basi ni la kubahatisha, ingekaa katikati.

Nilirudi kaunta nikitegemea kuambiwa hapana. Kumbe kulikuwa na gari linalorudi Jumamosi adhuhuri na kuchukuliwa tena Jumanne. Pengo la namna hiyo ni gari linalolala bure, na hapo ndipo bei inapozungumzika. Alikubali mafuta ya kujaza kwa kujaza. Bima ya ziada tuliichukua. Kuta za mawe za kijiji cha mlimani zilikuwa zimekaribiana mno.

Kuhusu leseni hakukuwa na shida kwa sababu nilitoka nayo nyumbani. Leseni ya kimataifa ya udereva hutolewa katika nchi yako kabla ya safari. Ukishafika si rahisi kuipata. Tena ni tafsiri tu ya leseni yako, haiendi popote bila ile ya asili. Inayofuata mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani wa 1949 hudumu mwaka mmoja, inayofuata ule wa 1968 hadi mitatu, na kila nchi ina inayoitambua.

Jumamosi nilitumia dakika 20 kulikagua. Picha za pembe nne, kila rimu kwa karibu, bampa kwa chini, kioo cha mbele, na picha moja yenye geji ya mafuta na kilomita pamoja. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3419 ni wiki ya 34 ya 2019. Kisiwani magari hutembea kidogo, kwa hiyo kashata za tairi, yaani vibonge vinavyokanyaga barabara, zinaweza kuonekana nzima huku mpira umezeeka na kuanza kupasuka. Diski za breki zilikuwa na kutu ya rangi ya machungwa. Hiyo ni chumvi ya hewa ya usiku mmoja au miwili. Inakwaruza mara tatu nne za kwanza ukikanyaga breki, kisha inatoka. Ikiendelea kukwaruza, rudisha. Nikafungua buti: tairi la akiba lipo, lile jembamba lisilotakiwa kuzidi kilomita 80 kwa saa, jeki ipo, spana ipo. Nikaomba lipimwe upepo, maana tairi hilo linataka psi 60, karibu mara mbili ya la kawaida, na kulibonyeza kwa kidole hakukuambii kitu. Nikajiona nimemaliza.

Usukani ulikuwa upande nisiouzoea. Kila nilipotaka kuwasha indiketa nilipangusa kioo kikavu kwa waipa, watoto wakacheka mpaka kijijini. Barabara ya mlimani ilikuwa ya gari moja, yenye vipenyo vya kupishana kila baada ya mita mia na kitu. Kipenyo kikiwa upande wako, unaingia. Kikiwa upande wa pili, unasimama sambamba nacho ili mwenzako ndiye aingie. Sheria hiyo haikuandikwa kwenye kibao chochote.

Jumapili jioni, tukitoka kwenye mnara wa taa, nilimpisha mtu mahali pasipo na kipenyo. Gurudumu la mbele kushoto likashuka kwenye ukingo wa lami, likapanda tena, na tukausikia upepo ukitoka. Tairi lilikuwa limechanika ubavuni, urefu wa kidole gumba. Pancha ya pale tairi linapokanyaga huzibika. Ubavu haushonwi, kwa sababu ndio unaopinda na kunyooka gurudumu linapozunguka.

Nililegeza nati kabla ya kuinua jeki, inavyotakiwa. Tatu zilikubali. Ya nne haikuwa na pembe sita. Ilikuwa ya duara, na tundu lenye mikunjo kama ua. Nati ya kuzuia wezi. Hufunguliwa kwa kichwa maalumu kinachokaa kwenye kisanduku cha dashibodi au chini ya tairi la akiba, na hakikuwepo kokote. Niliangalia kila kitu Jumamosi isipokuwa hicho.

"Kwa hiyo tuna tairi, tuna jeki, na hatuna kitu," mama alisema, akajifunga kanga vizuri na kurudi kukaa garini.

Tulipiga namba ya dharura iliyo kwenye mkataba. Kichwa cha nati kililetwa baada ya saa mbili na dakika kumi, kwa pikipiki.

Kituo cha mafuta kilikuwa kimoja na Jumapili kilifungwa, kwa hiyo Jumatatu saa saba kasoro tulikuwa wa pili kwenye foleni. Tulikuwa tumetembea kilomita 94. Tangi lilipokea lita 6 na nusu. Nikapiga tena picha ya geji na kilomita, nikaegesha saa saba na nusu, na nikakataa kuondoka mpaka kijana alizunguke gari pamoja nami na kutia saini.

Ankara ilikuwa na mistari miwili: tairi, na gharama ya kuleta kichwa cha nati. La tairi sikubisha. La pili nilimwonyesha fomu yake mwenyewe ya makabidhiano, ambayo iliorodhesha jeki na spana lakini haikukitaja kichwa hicho. Aliisoma mara mbili, akakata mstari. Amana iliachiliwa siku ya 11.

Jumanne tulipanda basi kwenda bandarini. Kwenye njia panda ya mashariki tulipishana na gari letu, tairi la mbele kushoto likiwa jeusi kuliko mengine, likiiacha lami na kuingia kwenye kokoto.