Kutwa Baina ya Papa na Kima Punju

Saa 12 asubuhi. Kabla ya kwenda msitu wa Jozani, Unguja, ninakotembeza wageni kutazama kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, napitia dikoni Chwaka. Mnadani leo kuna fungu la papa wadogo wenye pua ndefu, ambao kitaalamu huitwa Rhizoprionodon acutus. Wengi hawafiki mita moja. Mzee mmoja anapasua jike, na tumboni wanaonekana watoto, kila mmoja na kitovu chake.

“Huyu anazaa kama mbuzi, mwanangu.”

Kweli kabisa. Watoto hulishwa kwa kondo la nyuma, na mimba huchukua karibu mwaka mzima. Mimba ya kima haifiki muda huo.

Saa 2. Kima punju wako juu ya miti ya mikungu kando ya barabara, wanatafuna majani machanga kama wenye nyumba. Nawaambia wanafunzi watazame mikono: pa kidole gumba pana kijinundu tu, na bado wanaruka matawi watakavyo. Majani huchachushwa tumboni, penye vyumba kadhaa. Wale waliozoea mashamba ya jirani hula na mkaa, kupunguza makali ya sumu iliyomo kwenye majani ya miembe na mikungu.

Saa 4. “Kaka, papa na kima nani zaidi?” Swali zuri, ingawa mwalimu wao anacheka. Mmoja hana gumba, mwenzake hana hata mfupa mmoja. Mwili wote ni gegedu. Lakini mimi nawalinganisha kwa uzazi. Samaki kama changu hutaga mayai maelfu kwa maelfu. Kima huzaa mtoto mmoja, papa huyu mara nyingi wawili hadi watano. Ukiwamaliza wazazi, kuwarudisha ni kazi ya miaka.

Saa 7. Wali, kisha mikoko ya Pete. Joto!

Saa 9. Barabarani, magari yanapunguza mwendo kwenye matuta yaliyowekwa ili kima wasigongwe. Matokeo ya sensa yaliyotoka 2017 yalitaja kima zaidi ya 5,800, na karibu wote wako Unguja. Papa wetu naye yumo kwenye orodha ya walio hatarini, daraja moja chini ya kima, ila nyavu hazina matuta.

Saa 1 usiku. Mama kapika papa wa nazi, kamlowesha kwanza kwa ndimu kuondoa ile harufu kali. Namweleza habari za mimba ya mwaka mzima. Ananisikiliza, anapakua.

“Kima wako wanakula shamba langu bure. Huyu nimemlipia.”