Mgeni wa Ulaya kapikiwa sembe

Jamani, nimerudi Musoma, na safari hii nimerudi jumla. Mizigo bado imekwama bandarini Dar, mwenyewe niko kwa mama mkubwa nakula sato. Jana nikamwomba anisongee ugali wa dona. Aliniangalia kama niliyetukana. "Wewe mtoto, utoke Uingereza uje ule dona kwangu? Majirani watasemaje?" Akasonga sembe, nyeupe pee, na mimi nikala bila kubisha.

Kule Birmingham nilikokuwa muuguzi, mkate wa ngano isiyokobolewa wakati mwingine ni ghali kuliko mweupe, na wagonjwa wa matumbo tulikuwa tunawahimiza kutwa kucha wale nyuzinyuzi. Kinachonichekesha ni kwamba aliyewapigia Waingereza debe hilo kuliko wengine ni daktari aliyelipata wazo huku kwetu: Denis Burkitt, mzaliwa wa Enniskillen, Ireland.

Alikuwa na jicho moja, la pili lilipotea utotoni, na alipoomba udaktari kwenye makoloni walimkatalia kwa sababu hiyo. Mwaka 1941, vita vimepamba moto, jeshi likamchukua kuwa mpasuaji, na sehemu ya utumishi wake ikawa Kenya na Somalia. Vita vilipokwisha, 1946, akaja Uganda na kupangiwa Lira, wilaya ya Lango.

Wanaume wengi walimjia na mabusha. Ungedhani mpasuaji aliyetoka jeshini atapasua, atashona, aite anayefuata. Yeye alikuwa anauliza pia: unatoka upande gani? Akaona wa mashariki ya wilaya ni wengi mno, wa magharibi wa kuhesabika. Minyoo ya mabusha huenezwa na mbu, kwa hiyo ugonjwa una makazi yake kama watu.

Swali hilohilo ndilo lililomjengea jina. Mwaka 1957, akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amwone mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda si mrefu akiwa Jinja akamwona mtoto mwingine wa namna ileile. Ilikuwa saratani, ndiyo leo inaitwa saratani ya Burkitt. Akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali, akaandika makala 1958, na mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda Ford kuukuu kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, kama kilomita 16,000 kwenda na kurudi, wakisimama kila penye hospitali na kuonyesha picha: watoto kama hawa mnao?

Kwenye nyanda za baridi, kama mita 1,500 na zaidi, jibu lilikuwa hapana. Kwenye joto na mvua, wapo. Sisi wa kando ya ziwa tumo ndani ya ramani hiyo. Mwanzoni walidhani saratani hiyo inaletwa na kirusi kinachobebwa na mbu. Kirusi kikapatikana kweli 1964, kwenye maabara ya Tony Epstein London, katika vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kutoka Uganda, ila husambaa kwa mate. Kosa la mbu ni malaria, inayoudhoofisha mwili wa mtoto usikidhibiti.

Burkitt naye alirudi kwao, 1966, na akili bado iko huku. Kwa nini ugonjwa wa kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana vimejaa Ulaya, na kule vijijini Uganda alikuwa havioni? Akaangalia watu wanakula nini. Kwa maoni yangu alizipa nyuzinyuzi sifa hata zisizo zake, lakini msingi wake haujabomoka. Ukipita hapa mjini jioni utaona foleni ya chipsi mayai na soda, na kila nyumba niliyosalimia ina mtu wa presha au sukari. Dona wanaiita chakula cha shule ya bweni.

Mama mkubwa atabadilika taratibu, ninamjua. Lenye haraka ni hili, nalisema kama muuguzi: saratani ya Burkitt inakua kwa kasi ya kutisha, na dawa zikiwahi inanywea na watoto wengi hupona. Ukiona shavu la mtoto linavimba na meno yanalegea, usiishie kwa mng'oa meno wala kwa dawa za kienyeji. Wa kanda hii panda gari, mpeleke hospitali ya Bugando, Mwanza, wiki hiyohiyo.