Wenzetu waliuzwa sisi tukabaki: miezi 11 ya kungoja mnunuzi

Hii si stori ya kufutwa kazi. Kufutwa ni rahisi kueleza, unapewa barua, unabeba kikombe chako, unaenda. Mimi nilikaa miezi 11 bila kujua kama niko ama siko, na naandika juu najua kuna mtu yuko kwa hiyo hali saa hii na kila akifungua mdomo anaambiwa shukuru Mungu bado unalipwa.

Nilikuwa naandika programu kwa kampuni moja hapa Upper Hill, Nairobi, jina nitalimeza. Upande mmoja wanauza vile vimashine vya kulipia madukani na vya kutoa risiti, upande wa pili ni sisi, watu 17 ghorofa ya tatu, tunatengeneza programu za mahesabu za sacco na za maduka ya jumla. Wale wa mashine walikuwa na pesa, sisi tulikuwa na wateja wanaopiga simu Jumapili. Basi Jumatano moja asubuhi tukaitwa wote chini, tukapata maji ya chupa na samosa mezani, na hiyo kampuni haijawahi kununulia mtu samosa bure. Mkubwa akasema tumepata mnunuzi kutoka nje, mazungumzo yameisha, watu wakapiga makofi. Halafu kama mtu aliyefika kwa lango akakumbuka ameacha jiko linawaka akaongeza, kitengo cha programu hakimo kwenye ununuzi, tunatafuta suluhisho. Mwenzetu mmoja akauliza suluhisho gani. Akajibiwa, suluhisho linatafutwa.

Tukapanda ngazi kimya. Wale wa mashine walibaki chini wakimalizia samosa na sina ubaya nao, hata mimi ningemalizia.

Jioni nikampigia mama, yuko Voi, nikamweleza polepole vile kampuni inaweza kununuliwa nusu. Akanyamaza kidogo akaniuliza, "Sasa nyinyi mmeuzwa ama hamjauzwa?" Nikamwambia wenzetu wameuzwa, sisi bado. "Kwani nyinyi ni mbuzi, mwanangu?" Nilicheka mpaka mume wangu akatoka jikoni kuangalia kuna nini, lakini baadaye kitandani sikucheka, juu mbuzi wa kubaki sokoni jioni nimemuona mara nyingi nikiwa mdogo, kila anayepita anamshika mgongo anamwangalia meno halafu anaenda zake.

Miezi miwili ya kwanza niliishi vibaya na nasema hivyo bila aibu. Tulifungua grupu ya WhatsApp bila wakubwa ndani na kila wiki kulikuwa na mnunuzi mpya, mara ni benki, mara ni watu wa Afrika Kusini, mara meneja ameonekana na mgeni amevaa suti kwa lifti. Yule mgeni wa lifti tulimjadili siku mbili nzima. Alikuwa fundi wa lifti, sijui suti alivaa ya nini. Nilikuwa nashuka nganya ya Rongai pale Railways, napanda Upper Hill kwa miguu nikisoma simu, nafika ofisini nimechoka na sijafanya kitu, na kazi ikaharibika kweli, nikatuma apdeti kwa sacco moja bila kuijaribu vizuri na riba za wanachama zikaja mara mbili. Hiyo ilikuwa makosa yangu, si ya mnunuzi.

Usiku nilikuwa nasoma mambo ya makampuni yaliyouzwa vipande vipande. Ile ya Nokia ndio ilinikaa. Microsoft ilitangaza 2013 kwamba inanunua kitengo cha simu cha Nokia, dili ikakamilika Aprili 2014 kwa zaidi ya yuro bilioni 5.4, lakini kitengo cha ramani, HERE, hakikununuliwa, kikabaki na Nokia. Ungeniuliza siku hiyo ningekwambia wa ramani wamekwisha. Miezi michache baadaye, Julai 2014, Microsoft ikatangaza kupunguza watu 18,000 na karibu 12,500 kati yao walikuwa hao hao wa simu waliotoka Nokia, na mwaka uliofuata ikapunguza wengine tena. Wale wa ramani waliobaki wakanunuliwa 2015 na Audi, BMW na Daimler kwa yuro bilioni 2.8. Lakini usishike hiyo pekee ukalala usingizi, juu kuna ile ya HP nayo, walinunua Palm, kampuni ya simu, 2010 kwa dola bilioni 1.2, Agosti 2011 wakatangaza hawatengenezi tena vifaa vya webOS, ile programu ya kuendeshea simu za Palm, halafu hiyo programu ikazunguka zunguka mpaka LG ikaichukua 2013, na fikiria uko hapo ndani kila asubuhi unafungua kompyuta. Nilichotoa kwa kusoma huko kote ni kwamba kuuzwa na kubaki hakukwambii mwisho wako, kwa hivyo nikaacha kuuliza nani atatununua. Si ati niliacha siku moja, niliacha kama mtu anavyoacha sigara.

Swali nililochukua badala yake lilikuwa dogo, wakifunga kesho asubuhi naondoka na shilingi ngapi na zinanifikisha mwezi gani.

Nina binamu wakili, si wa makesi makubwa, lakini Sheria ya Ajira ya 2007 anaijua, nikamnunulia chai akanifungulia kifungu cha 40. Kwa Kiswahili cha mtaani ni hivi. Mwajiri akipunguza watu kwa sababu kazi yao imeisha, si kwa makosa yao, lazima atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kabla, kwa chama cha wafanyakazi kama uko kwa chama na kwa afisa wa kazi wa serikali, kama huna chama unaandikiwa wewe binafsi na afisa wa kazi anaandikiwa pia. Akulipe siku zako za likizo ambazo hukwenda. Akulipe mwezi wa notisi, ama akuache uufanyie kazi. Na akulipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya. Hapo ndio watu wengi hawajui hesabu zao.

Mshahara wangu ulikuwa 120,000, miaka kamili 7. Kwa siku ni 4,000 ukigawanya kwa 30, siku 15 ni 60,000, mara saba ni 420,000. Kuna wanaogawanya kwa 26, yaani siku za kazi tu za mwezi, na hapo unapata zaidi, lakini mimi nilipiga kwa 30 juu sitaki kujidanganya. Ongeza mwezi wa notisi 120,000, ongeza siku 19 za likizo ni 76,000, jumla 616,000. Nikakata robo nzima nikasema hiyo ni ya kodi ya serikali na ya mambo nisiyoyajua, nikabaki na 462,000. Nyumba yetu ilikuwa inakula 78,000 kwa mwezi, kodi ya nyumba, shule, mkopo wa sacco, nauli, mama, chakula, mume wangu anatengeneza mafriji na pesa yake inakuja ikitaka kwa hivyo sikuihesabu. Inatoka karibu miezi sita.

Sijui kama naweza kueleza vile hiyo namba ilinituliza. Haikuwa pesa mingi, na hata haikuwa mkononi. Lakini kabla ya hapo nilikuwa naogopa kitu hakina ukubwa, sasa kilikuwa na ukubwa, ni miezi sita. Tukakaa na mume wangu tukatoa vitu, tukahamisha mtoto kutoka basi la shule juu ni karibu, nikaacha chakula cha mchana cha hoteli nikaanza kula kibandani, tukashuka mpaka 61,000 na miezi ikawa saba na nusu. Namba niliibandika ndani ya mlango wa kabati na nilikuwa naipiga upya kila tarehe moja.

Kitu cha pili nilikusanya makaratasi. Barua ya kuajiriwa, barua za kuongezwa mshahara, peislipu zote, na baruapepe zote za likizo nilizoomba na nikakataliwa juu "kuna kazi mingi". Nikaprinti nikaweka nyumbani. Vizuri nilifanya mapema, juu mwezi wa nne wale waliouzwa walihamishiwa kwa seva za mnunuzi na katika hiyo hamahama baruapepe zetu sisi waliobaki zikapotea siku mbili, na ziliporudi zilirudi nusu. Nikaona jamaa wa kando yangu amekaa anaangalia kioo tu.

Na nikawa naangalia mwenyewe kama makato yanafika. NSSF unaweza kuona taarifa yako kwa mtandao, sacco unapiga simu tu. Mwezi wa sita nikapata mkato wangu wa sacco haujapelekwa miezi miwili na peislipu inasema umekatwa. Hiyo kwangu ilikuwa habari kuliko wanunuzi wote wa grupu. Sikupiga kelele, nilienda kwa mhasibu nikamwonyesha karatasi mbili, wiki iliyofuata ikalipwa. Lakini hapo nikajua pesa zimekauka nikaanza kuomba kazi kwa nguvu. Nilifanya intaviu tatu, mbili sikuitwa tena, moja nikaitwa wakataka nianze kwa 80,000 nikakataa, na usiku huo nililia nikijiuliza kama mimi ni mjinga.

Wengine walikuwa na tumaini la Mamlaka ya Ushindani, juu ni kweli uuzaji wa makampuni makubwa hukaguliwa huko na moja ya vitu wanaangalia ni ajira, wakati mwingine wanaweka sharti watu wasifutwe kwa muda fulani. Binamu akatuuliza swali moja tu, kilichonunuliwa ni kipi. Tukanyamaza. Sisi hatukuwa kwa hiyo hati.

Mwezi wa kumi mnunuzi wetu akaja, na hakuwa na suti. Ni kampuni ndogo ya hapa hapa, iko Ngong Road, ilitaka zile programu za sacco pamoja na watu 9. Tulikuwa tumebaki 13 juu wanne walishapata kwingine. Nilikuwa kwa wale 9. Furaha yangu iliisha saa moja baadaye meneja wa HR aliponiita, mama mwenye sauti ya upole sana, akasema, "Madam, tutakuomba tu uandike barua ya kujiuzulu, halafu wale wengine wanakupa mkataba mpya, ni mambo ya makaratasi." Mkataba wenyewe ulikuwa na tarehe mpya ya kuanza kazi na probesheni, yaani kipindi cha majaribio, ya miezi mitatu. Wenzangu wawili walikuwa wameshatia sahihi wakiwa wamesimama.

Nikamwambia naomba nikasome nyumbani. Binamu alipoona hiyo karatasi alikasirika kuliko mimi. Akanieleza kwamba hapa Kenya hakuna sheria inayomhamisha mfanyakazi moja kwa moja kutoka kwa mwajiri mmoja hadi mwingine biashara ikiuzwa, wewe si meza. Kwa hivyo kuna njia mbili za haki, ama mwajiri wa zamani anakupunguza na kukulipa kifungu cha 40, ama mnatia sahihi watatu, wa zamani, mpya na wewe, kwamba miaka yako inahama nawe. Ukijiuzulu umejiondoa mwenyewe, miaka 8 imekuwa hewa, na baada ya wiki tatu wale wapya wanaweza kukuambia hukufaulu probesheni.

Tulikutana saba kwa kibanda nyuma ya ofisi, tukaandika barua moja fupi, kwamba tunafurahia kazi mpya, hatujiuzulu, tunaomba njia moja kati ya hizo mbili. Mikono ilikuwa inanitetemeka kuituma. Wiki mbili hakuna jibu. Kilichotusaidia si ujasiri, ni kwamba mnunuzi bila sisi alikuwa ananunua programu ambazo hakuna mtu anajua kuziendesha, nafikiri yeye ndiye aliwasukuma. Notisi ya kupunguzwa ikatoka, nakala kwa afisa wa kazi, tukafanya ule mwezi mpaka mwisho. Kwa hivyo malipo ya notisi niliyoyapigia hesabu kabatini hayakuwepo, lakini miaka ilikuwa 8 sasa, ikawa 480,000. Likizo wakaandika siku 12, mimi nikatoa baruapepe zangu zilizoprintiwa, tukahesabu pamoja moja moja, ikafika 21. Ile ya 26 na 30 niliwaachia, nilikuwa nimechoka.

Wale wawili waliojiuzulu hawakupata kitu na tunakaa nao meza moja mpaka leo, na hiyo ndio sehemu ya hii stori sipendi kusimulia. Mmoja aliniuliza mbona sikumwambia asitie sahihi. Ukweli ni kwamba wakati huo mimi pia sikuwa najua, nilikuwa najua tu kuomba kwenda kusoma nyumbani.

Probesheni iliisha. Mkopo wa sacco niliumaliza. Mtoto amegoma kurudi kwa basi la shule, anasema kutembea kuna stori mzuri. Na mama kule Voi bado anaambia watu wa kanisani kwamba binti yake aliuzwa, lakini kwa bei nzuri.