Kurwa na Doto: seva mbili zilizokosa akidi

Nilipoanza kazi ya kusimamia mitambo katika taasisi moja ya akiba na mikopo hapa Kisumu, nilikuta raki yenye seva mbili zilizofanana kwa kila kitu, zote zikiwa zimeunganishwa kwa kebo za SAS kwenye sanduku moja la diski, na juu ya raki imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene kuwa mfumo huu hauzimiki. Kwa kuwa zilikuwa mapacha, nilizipa majina ya Kurwa na Doto. Kurwa ndiye aliyebeba hifadhidata ya wanachama, na Doto alikaa macho akisubiri mwenzake aanguke ili apokee kijiti. Karatasi ile niliibandua mwenyewe miezi michache baadaye.

Ilikuwa Ijumaa jioni katika mvua za masika. Anayeishi Kisumu anazijua dhoruba zinazoingia kutoka ziwani jioni, radi moja baada ya nyingine. Umeme ulikatika kwa sekunde chache, ukarudi, ukakatika tena. Kurwa, Doto na sanduku la diski walikuwa kwenye UPS, betri ya akiba, na hawakutikisika. Swichi ya mtandao, kwa bahati mbaya, ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni ya kawaida iliyotoka kwenye soketi ya ukutani, nyuma ya meza ya mhudumu wa faili, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amechungulia tangu mfumo usimikwe. Swichi ilizima, ikawaka, ikachukua karibu dakika tatu kujiandaa tena, na katika dakika hizo mapigo ambayo seva hizi hutumiana kila mara ili kila moja ijue kuwa nyingine ingali hai hayakuwa na njia nyingine ya kupita.

Kurwa akaona Doto amekufa. Doto naye akaona Kurwa amekufa, na kwa utiifu kamili akafanya alichofundishwa: aliufungua mfumo wa faili uliokuwa kwenye diski zile zile ambazo Kurwa alikuwa bado anaziandikia, kwa sababu kebo za SAS hazipiti kwenye swichi na kila mmoja aliendelea kuziona diski bila tatizo lolote. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na XFS, mfumo wa faili tulioutumia, ni zizi la fahali mmoja. Kila seva inaweka kichwani mwake ramani ya nafasi zilizo wazi kwenye diski na haina habari kuwa kuna mwingine mwenye ramani yake. Kwa hiyo kila mmoja aliandika juu ya maandishi ya mwenzake, kwa kasi, bila kosa hata moja kuonekana kwenye skrini.

Jumamosi asubuhi hifadhidata ilikataa kufunguka. Nilipoendesha programu ya kukarabati XFS, ilinirudishia saraka ya lost+found yenye mamia ya faili zisizo na majina, ni nambari tupu. Tuliilaza kazi hiyo kando, tukarudisha nakala rudufu ya saa nane usiku wa kuamkia Ijumaa, halafu wahudumu wa kaunta wakakaa Jumamosi na Jumapili nzima wakiingiza upya miamala ya siku ile kutoka kwenye stakabadhi za karatasi. Meneja alisimama mlangoni mwa chumba cha seva akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko ukali: “Injinia, si tulinunua seva mbili ili jambo kama hili lisitokee?”

Jibu la kweli ni kwamba seva moja isingeweza kutufanyia madhara yale. Seva moja ingezima tu, na tungeiwasha. Seva ya pili inaleta swali ambalo halikuwepo mwanzoni, yaani nani ana haki ya kuandika kwenye diski wakati wawili hawasikiani, na mfumo wetu ulikuwa umesimikwa bila mtu kulijibu. Katika mipangilio ya Pacemaker, programu inayoamua seva ipi iendeshe huduma, nilikuta mstari unaosema stonith-enabled=false, yaani STONITH imezimwa. Simlaumu sana fundi aliyeuweka. Pacemaker hukataa kuanzisha huduma yoyote mpaka uipe njia ya kumzima mwenzako au uiambie waziwazi kuwa huitaki, na maelekezo mengi ya mtandaoni huchagua hilo la pili ili mfano uende haraka. STONITH, kwa Kiswahili cha wazi, ni kumpiga mwenzako risasi ya kichwa. Jina ni la mzaha ila kazi yenyewe haina mzaha: kabla Doto hajagusa diski, ni lazima awe na uhakika kwamba Kurwa amezimwa. Kudhani hakutoshi.

Jambo la pili lililokosekana ni akidi, ile ile inayomfanya spika aagize kengele ipigwe wabunge wanapokuwa wachache ukumbini. Klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja, inaruhusiwa kufanya uamuzi ikiwa tu zaidi ya nusu ya wapiga kura wanasikiana. Kwa wapiga kura wawili, zaidi ya nusu ni wawili wote, kwa hiyo mmoja akianguka anayebaki hana akidi na huduma inasimama. Ndiyo sababu Corosync, programu inayosafirisha mapigo na kuhesabu kura, ina kipengele cha two_node kinachompa kila mmoja akidi akiwa peke yake. Kipengele hicho kinafaa pale tu STONITH inapofanya kazi. Ikiwa imezimwa, umewapa ndugu wawili hatimiliki ya shamba moja ukawaacha usiku.

Tuliondoa two_node, tukatafuta kura ya tatu. Kura hiyo haihitaji seva kubwa. Tuliweka kompyuta ndogo katika tawi letu la Nakuru, haina data yoyote ya wanachama, kazi yake ni kuendesha corosync-qnetd, programu ya kutoa kura hiyo, na kusikiliza kwenye mlango wa TCP 5403. Kurwa na Doto wakipoteana, yenyewe inampa kura mmoja tu. Mtandao wa Nakuru ukikatika, wawili wa Kisumu bado wana kura mbili kati ya tatu na kazi inaendelea. Nimeulizwa mara kadhaa kwa nini hatukuweka Doto mwenyewe kule Nakuru. Mapigo ya Corosync hayavumilii ucheleweshaji, ilhali kura inaweza kungoja kidogo. Isitoshe, diski zetu ni za pamoja na haziwezi kuwa miji miwili kwa wakati mmoja. Kuhamia kwenye DRBD, ambayo hunakili kila andiko kutoka seva hadi seva kupitia mtandao, ni mradi mwingine wenye bajeti nyingine.

STONITH yenyewe ilitusumbua zaidi ya nilivyotarajia. Tulianza na IPMI, njia ya kuiamrisha ile kompyuta ndogo iliyomo ndani ya kila seva ya kuiwashia na kuizimia kwa mbali. Jaribio la kwanza lilipita vizuri. La pili, nilichomoa kebo za umeme za Kurwa, na Doto akagoma kabisa kuchukua kazi. Nilisoma logi kwa saa nzima kabla ya kutambua jambo lililokuwa wazi kama mchana: IPMI ya Kurwa inakula umeme wa Kurwa. Nilipomnyima umeme niliiua pia njia ya kuthibitisha kuwa amekufa, na Doto, kwa haki kabisa, alikataa kuendelea bila ushahidi. Dawa yake ilikuwa kununua kigawa umeme cha raki kinachopokea amri kwa mtandao, kiwe ngazi ya pili IPMI isipojibu. Pia tuligundua kuwa kebo za IPMI zilipita kwenye swichi ile ile iliyotuangusha. Sasa mapigo yana njia mbili, mojawapo ikiwa kebo ya moja kwa moja kati ya seva hizo, na swichi ni mbili, kila moja na UPS yake. Mwisho, tulimpa Doto subira ya sekunde 10 kabla ya kumpiga Kurwa, kwa sababu wawili wakifyatua kwa wakati mmoja hubaki na raki baridi.

Kwenye diski tulikuwa na RAID 5, mpango wa kuunganisha diski ili moja ikifa data ibaki, ya diski 8 za terabaiti 4, yaani nafasi ya terabaiti 28. Tukahamia RAID 6, inayovumilia diski mbili kufa, tukabaki na 24. Mhasibu hakufurahia kupoteza terabaiti nne alizokwisha kuzilipia, kwa hiyo nilimfanyia hesabu mezani. Kujaza upya diski ya terabaiti 4 kwa megabaiti 100 kwa sekunde ni zaidi ya saa 11 hata kama hakuna kazi nyingine, na muda huo wote RAID 5 haina uwezo wa kuvumilia diski nyingine kufa, ilhali hizo nyingine zilinunuliwa siku moja, zikatoka kiwandani pamoja na zimezeeka pamoja. Watafiti Patterson, Gibson na Katz walipoieleza RAID katika chuo kikuu huko Berkeley, Marekani, mwaka 1988, diski zilipimwa kwa megabaiti na kujaza upya hakukuwa safari ya usiku kucha.

Tatizo lililotupotezea siku nyingi zaidi halikuwa kubwa. Kila mwisho wa mwezi wahudumu walilalamika kuwa mfumo unajikokota. Tulikagua mtandao, tukakagua hifadhidata, tukamlaumu kila mtu. Chanzo kilikuwa betri ya kontrola ya RAID, kifaa kinachosimamia diski; betri hiyo ilikuwa imechoka kwa joto la chumba. Betri ikifa, kontrola huacha kuweka maandishi kwenye kumbukumbu yake ya haraka na kusubiri kila andiko lifike kwenye diski lenyewe. Taa ndogo ya rangi ya machungwa ilikuwa imewaka nyuma ya raki muda wote huo, upande unaotazama ukuta.

Swali ninaloanza nalo siku hizi, kabla ya kununua chochote, ni la muda. Ahadi ya kuwa hewani asilimia 99.9 ya mwaka inaruhusu mfumo uwe chini kwa saa 8 na dakika 46, asilimia 99.99 inaruhusu dakika 53 hivi. Meneja akichagua namba, naorodhesha kila kitu ambacho Kurwa na Doto wanakitumia kwa pamoja, kuanzia swichi hadi ufunguo wa chumba. Gridi ya taifa yenyewe imo kwenye orodha: tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani, na Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 giza lilirudi karibu kila mahali. Nakala rudufu nazo zina mstari wao, kwa sababu mtu akifuta jedwali kimakosa, klasta yenye afya njema italifuta kwa uaminifu ule ule.

Sasa, Jumapili moja kila robo ya mwaka, ninachomoa kebo ya Kurwa bila kuwaambia wenzangu ni ipi, na tunapima. Mara ya mwisho huduma ilirudi baada ya sekunde 48. Kilichobaki kwenye orodha ni kiyoyozi, ambacho bado ni kimoja. Ombi la cha pili liko kwenye bajeti ya mwaka ujao wa fedha. Kwa sasa kuna kipimajoto ukutani, na mlinzi wa zamu ya usiku ana namba yangu.