Kupanda Njia ya Marangu Kuchukua Sampuli za Lobelia

Tulitoka Moshi asubuhi na daladala ya Marangu, vibali vya COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) vikiwa mkobani, kwa sababu hifadhini huchumi hata jani bila karatasi. Msitu wa kwenda kambi ya Mandara tuliupita bila kukawia. Shabaha yetu ilikuwa kambi ya Horombo kwenye Kilimanjaro, takribani mita 3,720, kwenye mabonde yenye unyevu yanakoota lobelia na senesio, mimea mikubwa ya mlimani, tuchukue majani ya lobelia ya kupima vinasaba.

Hapo ndipo sampuli nyingi huharibika. Lobelia deckenii hutoa mashada kadhaa ya majani yaliyoungana chini ya udongo. Ukichuma jani kwenye kila shada, unaweza kushuka na bahasha ishirini za mimea mitano, halafu maabara ikuambie kundi zima ni la ndugu. Sisi tuliacha mita kumi au zaidi kati ya sampuli, na kila moja tukaiandikia GPS.

Tuliinamia mnara mmoja wa maua. Ua la lobelia hutoa chavua kwanza, stigma (sehemu inayopokea chavua) hufunguka baadaye, nayo maua hukomaa kuanzia chini kwenda juu. Kwa hiyo katika mnara uleule, ya chini yanapokea chavua wakati ya juu bado yanaitoa. Chozi, ndege mdogo anayefyonza nekta, akishuka kutoka juu, au akirukia shada lililoungana na hilo chini ya udongo, mmea umejichavusha wenyewe. Akivuka mgongo wa mlima hadi bonde la pili, ndipo vinasaba vinachanganyika kweli. Ndiyo maana tulichukua sampuli pande zote mbili za mgongo. Bonde moja halitoshi hata kidogo.

Senesio mbegu zake zina vinyweleo, upepo huzibeba. Hata hivyo Kilimanjaro ina senesio zake na Mlima Meru una zake: katikati kuna tambarare ya joto na ukame, mbegu ikiangukia huko haifiki popote.

Jani la lobelia ni nene na lina utomvu. Likatwe vipande vyembamba, likae kwenye bahasha ya karatasi ndani ya mfuko wa silika jeli (punje zinazofyonza unyevu), uzito wa silika ukiwa angalau mara kumi ya jani. Punje zenye rangi ya chungwa zikigeuka kijani, badilisha siku hiyohiyo. Jani likikauka polepole, vimeng'enya hukatakata DNA, na hilo hulioni mpaka umefika maabara.